Ukitaka makala yako ya picha za angani ifikiriwe tuzo

Kuna Tuzo ya U.V. Helava, ile ya makala bora kwenye jarida la ISPRS, chama cha kimataifa cha upimaji kwa picha na setilaiti, na hiyo inahesabu kipindi cha miaka 4 kwa hivyo ushindani si mchezo. Sasa we uko hapa Nairobi na droni ya kuazima, uanzie wapi?

Anza na swali dogo. Usiseme utapima Nairobi yote, sema utapima urefu wa mapaa Mathare, na ruhusa ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, uitafute mapema juu bila hiyo hurushi kitu.

Pale wengi huangukia ni alama za ardhini. Mtu anachora misalaba ya rangi kwa lami, anapima na GPS nzuri, alafu alama zote 12 anazitumia kunyoosha modeli ya 3D iliyotoka kwa picha na hizo hizo ndo anatumia kutuambia kosa ni sentimita 2. Apana bwana, huko ni kujisahihishia mtihani! Weka 5 kando za kukagua kosa tu, zisiguswe kabisa kwa kunyoosha, na kosa la kimo uliandike peke yake juu mara nyingi ndilo baya zaidi.

Mabati nayo, jua la saa sita yanang'aa mpaka programu inashindwa kulinganisha picha, mi nilirudia kurusha siku ya mawingu.

Picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni bure, sawa, lakini pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya mita 10 inameza kibanda kizima.

Mwisho weka data na kodi wazi, kodi ya kompyuta si ya landlodi, wengine wajaribu wenyewe.