Ruta inayokatakata intaneti: tazama taa kabla hujaizima

Intaneti ya nyumbani ikikatika, mkono wa kila mtu huenda kwenye swichi: zima, hesabu hadi kumi, washa. Mara nyingi inarudi, na ndiyo maana tatizo halipatikani. Ukiiwasha upya umefuta ushahidi. Taa zinaanza mwanzo, kumbukumbu za ndani za ruta nyingi zinapotea, na kesho saa ile ile inakatika tena. Safari ijayo usiiguse kwanza. Piga picha ya taa zake kwa simu, andika saa, ndipo uendelee.

Tuchukue ruta ya faiba, ile yenye uzi mwembamba unaoingia kwa plagi ndogo ya kijani.

Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwenye ruta. Hapo hakuna nenosiri wala mpangilio utakaosaidia. Kagua uzi, kisha piga simu kwa mtoa huduma. Taa ya PON ikiwakawaka bila kutulia, ruta inashindwa kujisajili kwenye mtambo wao. Mara nyingi mwanga unafika lakini ni hafifu. PON ikiwa imetulia na taa ya intaneti imezima, njia ni nzima na tatizo liko kwenye akaunti: kifurushi kimeisha, au jina na nenosiri la PPPoE, yaani ambavyo ruta hujitambulisha navyo kwa mtoa huduma, vimekataliwa. Taa zote zikizimika kwa pamoja na kuanza kuwaka moja moja, ruta imejizima yenyewe, na huo ni umeme au joto. Na kama kila taa iko sawa ila simu haipati kitu, shuku waifai au DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba.

Taa zisipotoa jibu, tumia laptopu. Iunganishe na ruta kwa waya, si kwa waifai, fungua dirisha la amri la Windows kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika ipconfig. Namba iliyo mbele ya Default Gateway ndiyo anwani ya ruta. Nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Sasa fungua madirisha mawili. La kwanza andika ping -t na anwani hiyo ya ruta, la pili ping -t 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Yaache yatembee hadi intaneti ikatike.

Madirisha yote mawili yakinyamaza, laptopu imepotezana na ruta yenyewe: waya, tundu lake, au ruta imejizima. La ruta likiendelea kujibu na la 8.8.8.8 likanyamaza, tatizo liko kati ya ruta na mtoa huduma. Yote yakijibu lakini tovuti hazifunguki, ni DNS. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, na mahali pa DNS uweke 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Na kama laptopu ya waya haikatiki kabisa huku simu zinalalamika, mtoa huduma hana kosa. Ni waifai yako.

Umeme ndio chanzo kinachopuuzwa kuliko vyote. Adapta ya ruta nyingi ni volti 12, ampea 1 au 1.5, imeandikwa kwenye lebo. Kapasita zake, vipande vya ndani vinavyotuliza umeme, zikichoka, ukipima kwa multimita bila mzigo bado inaonyesha 12, lakini ruta ikianza kazi nzito volti zinashuka na inajiwasha upya. Ndiyo maana inakatika usiku, watu wote wakiwa kwenye video. Dawa ni kujaribu adapta nyingine: volti zile zile, ampea zile zile au zaidi, na alama ya chanya na hasi ilingane. Ampea nyingi haziunguzi ruta; volti zisizo zake ndizo zinazoleta balaa. Kwenye ukurasa wa hali ya ruta angalia pia muda iliokaa bila kuzimika. Ukikuta dakika 20 na hakuna aliyeizima, umeshapata jibu. Vilevile chunguza kama inajiwasha friji au pampu ya maji inapoanza kunguruma na taa za nyumba kufifia. UPS ndogo za ruta, yaani betri za akiba, zinasaidia sana hapo, ila nyingi zina matundu ya volti 9 na 12 yaliyopakana. Ukichomeka kwenye 9, umejitengenezea ugonjwa mpya.

Uzi wa faiba nao una tabia zake. Ndani yake ni kioo, na ukikunjwa sana mwanga unavuja kwenye kona. Usiuzungushe mduara mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai, na sogeza kochi uone kama halijaubana ukutani. Plagi ya kijani imekatwa mshazari wa digrii 8, ya bluu haina mshazari huo. Kuzichomeka pamoja ni kupoteza mwanga. Ncha isiguswe kwa kidole wala kupulizwa kwa mdomo, na usichungulie ndani yake kamwe, kwa sababu mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini ni leza.

Ruta nyingi zinaonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwa kipimo cha dBm. Kati ya −8 na −25 ni salama. Ikikaribia −27 tegemea kukatika. Namba hii iandike siku mambo yakiwa mazuri. Ikishuka kutoka −21 hadi −26 zaidi ya theluthi mbili ya mwanga imepotea njiani, hata kama LOS haijawaka bado. Ukimtajia fundi namba hizo mbili, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Kwa waifai, kwenye masafa ya gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, upana wa megahezi 20. Chaneli 3 au 4 inaingiliana na majirani wa pande zote mbili. Kwenye gigahezi 5 kuna mtego usiojulikana na wengi: chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa pamoja na rada. Ruta ikihisi rada, au ikidhani imeihisi, lazima ihame, na ikihamia chaneli nyingine ya kundi hilo husikiliza kwanza sekunde 60 au zaidi kabla ya kurusha. Wewe unaona waifai imetoweka dakika nzima kisha ikarudi. Weka chaneli 36, 40, 44 au 48 na kero hiyo inaisha. Kwenye nyumba za kale za Unguja au Mombasa, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, chaneli yoyote haitavuka vyumba vitatu. Vuta waya hadi chumba cha pili uweke kifaa kingine huko.

Lakini hicho kifaa kingine, kama ni ruta ya zamani, ndicho huvuruga nyumba nyingi. Ruta mbili zikigawa anwani kwenye mtandao mmoja, simu moja inapata njia sahihi na nyingine inaelekezwa kwenye ruta isiyo na intaneti. Dalili yake ni kwamba baba anapata mtandao, mama hapati, wakizima na kuwasha waifai inageuka. Kwenye ruta ya zamani zima DHCP, huduma inayogawa anwani, ipe anwani isiyo kwenye orodha ya zile ambazo ruta kuu inagawa, mfano 192.168.1.2 ikiwa kuu ni 192.168.1.1, na waya uingie kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani, si la WAN, la kuelekea intaneti. Hakikisha pia hakuna waya ambao ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye ruta moja au swichi moja ya mtandao. Watoto hufanya hivyo, na nyumba nzima inaganda.

Mwisho kabisa ni kile kitundu cha reset. Kukibonyeza kwa sindano sekunde 10 kunafuta jina na nenosiri la PPPoE na namba ya VLAN, ile inayotambulisha njia ya huduma yako kwa mtoa huduma, na bila hivyo ruta haiingii hewani hadi mtoa huduma aviweke tena. Kabla hujakigusa, piga picha ukurasa wa WAN na uhakikishe nenosiri unalo, maana ukurasa huo huonyesha nukta tu mahali pake.