SOMO: Mashine ya kufulia haivuti maji? Pitia hapa kabla hujamwita fundi

Habari wakuu. Wiki hii peke yake nimepigiwa simu nne za swali hilohilo: mashine imewashwa, mlango umejifunga, inaunguruma, maji hayaingii. Naandika mara moja ili kila atakayeuliza nimwelekeze hapa. Nazungumzia mashine ya otomatiki ya mlango wa mbele, kwenye nyumba zetu hizi za maji ya tanki. LG ikiandika IE, au Samsung ikiandika 4C (za zamani 4E), maana yake imesubiri maji na haikuyapata.

Hatua ya 1. Fungua koki ya nyuma hadi mwisho. Watoto huichezea.

Hatua ya 2. Vuta mashine kidogo, angalia kama mpira wa maji umejikunja au umebanwa na ukuta.

Hatua ya 3. Bana mlango mpaka usikie umejifunga. Mlango usipojifunga, mashine haiombi maji kabisa.

Hatua ya 4. Chomoa plagi, kisha pima maji yenyewe. Funga koki, fungua mpira upande wa mashine (weka beseni chini, maji yaliyobaki yatamwagika), weka ndoo ya lita 20 juu ya stuli, fungua koki na uangalie saa. Mdomo wa mpira uushike usawa wa pale unapoingilia kwenye mashine. Ukiulaza sakafuni maji yatatoka kwa nguvu kuliko mashine inavyoyapata, na utajidanganya. Ndoo ikijaa kwa dakika 2 hivi, maji yako ni mazuri. Ikichukua dakika 6 au 7, mashine haina kosa, angalia tanki na bomba.

Mashine nyingi zimeandikwa kwenye kitabu chake kiwango cha chini cha presha cha 0.05 MPa, yaani nusu bar. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban bar 1. Kwa hiyo unahitaji kama mita 5 kutoka usawa wa maji kwenye tanki hadi nyuma ya mashine. Tanki lililokaa kwenye kichanja cha mita 3 halifiki hapo, na ndiyo maana mashine ilifanya kazi vizuri kwa maji ya bomba la mtaani, ikagoma siku ya mgao.

Hatua ya 5. Chujio. Hapa naomba msome polepole.

Ukishafungua mpira, chungulia ndani ya tundu la mashine. Utaona kichujio kidogo cha plastiki chenye kijipini katikati. Kishike kijipini hicho kwa plaizi ya mdomo mwembamba, vuta moja kwa moja kuja kwako, usizungushe. Kisugue kwa mswaki wa zamani na maji ya kutiririka. Kikiwa na ukoko mweupe wa chumvi, kiloweke kwenye siki nusu saa. Usikitoboe kwa sindano. Kisha KIRUDISHE.

Nasisitiza kwa sababu mimi sikukirudisha. Maji yetu hapa Kimara wakati ule yalikuwa ya kisima, na chujio lilikuwa likijaa mchanga kila baada ya wiki mbili. Nikachoka, nikalitoa, nikafunga mpira bila chujio. Maji yakaingia kwa kasi sijawahi kuona, nikafurahi. Haikufika mwezi. Usiku mmoja tumelala, mashine imezimwa, maji yakawa yanaingia taratibu hadi yakafurika kupitia kisanduku cha sabuni. Niliamka alfajiri nikakanyaga maji kuanzia mlango wa chumba. Zulia la sebuleni halikupona, na kabati la mbao la jikoni lilivimba miguu.

Nilipofungua valvu ya kuingizia maji nilikuta punje moja ya mchanga, ndogo kuliko punje ya sukari. Ndani ya valvu hiyo kuna kiwambo cha mpira chenye kitundu chembamba sana. Maji hupita kwenye kitundu hicho kwenda nyuma ya kiwambo, na presha yake ndiyo inayokisukuma kuziba. Kitundu kikiziba, au punje ikikaa chini ya kiwambo, valvu haifungi, hata plagi ikiwa mkononi mwako. Kwa hiyo: usifue hata nguo moja bila chujio. Na kila ukimaliza kufua, funga koki.

Kipimo cha haraka: chomoa plagi, acha koki wazi dakika 10. Maji yakiendelea kuingia kwenye pipa la mashine, valvu imekwama. Funga koki, usiitumie mpaka uibadilishe.

Hatua ya 6. Ukisikia maji yanaingia lakini hayajai, angalia mpira wa kutolea maji machafu. Ukilazwa sakafuni kwenye tundu la bafuni, maji yanaingia huku na kutoka kule. Uinue kati ya sentimita 60 na 100 kutoka chini, ufunge usidondoke.

Hatua ya 7. Hapa ni kwa mwenye multimita (kile kipimo cha umeme cha fundi) anayejua kuitumia. Plagi ikiwa nje, chomoa waya za valvu, pima koili (waya uliosokotwa ndani yake unaoifungua umeme ukipita). Nyingi husoma kati ya omu 3,000 na 5,000. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, nunua valvu.

MASWALI

Kaka Boda: Mkuu yangu haivuti maji, shida nini?

Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 5. Ukishamaliza rudi useme ndoo ilijaa kwa dakika ngapi.

Kaka Boda: Sina muda wa kupima ndoo, we niambie tu ninunue nini.

Jibu: Ndugu, siwezi kukutuma dukani kwa kitu nisichokijua. Dakika mbili za ndoo ni chache kuliko foleni ya kwenda Kariakoo na kurudi.

Mama Pacha: Asante sana kwa somo. Nikibadilisha tanki la lita 1,000 niweke la 5,000, presha itapanda?

Jibu: Swali zuri sana dada. Haitapanda. Presha inatokana na kimo, siyo wingi. Tanki dogo lililo juu linalishinda kubwa lililo chini. Kitakachokusaidia ni kuinua kichanja, au kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye bomba linalokwenda kwenye mashine. Pia kama fundi bomba alishusha bomba la nusu inchi toka tankini na kona nyingi, badilisha liwe la robo tatu. Presha ya maji yaliyosimama itabaki ileile, lakini yakianza kutembea hayatapotea njiani. Una umbali gani toka tanki hadi mashine?

Mama Pacha: Kama mita 18, kona sita. Nimehesabu sasa hivi.

Jibu: Anza na kona. Ukiweza kubakiza tatu utaona tofauti kabla hujanunua pampu.

Mzee wa Gongo: Unatisha watu bure. Mimi natumia bila chujio mwaka wa pili, hakuna kilichotokea.

Jibu: Nafurahi kwamba hakijatokea. Na mimi haikutokea mpaka usiku ule. Sitabadilisha nilichoandika.

Binti Likoni: Huku kwetu maji ya kisima ni ya chumvi. Chujio linaganda kila mwezi, nafanyaje?

Jibu: Funga chujio la pili kwenye bomba kabla ya mashine, lile la chupa inayoonyesha ndani, unaona uchafu uliojaa. Litapunguza mchanga. Chumvi iliyoyeyuka halizuii, kwa hiyo siki endelea nayo. Kama una maji ya mvua, fulia hayo msimu wa masika, hata sabuni itatoa povu zaidi.

Jirani Mpya: Hii inafaa kwa mashine ya kuoshea vyombo pia?

Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 5, ndiyo. Ongeza mambo mawili. Kuna mipira yenye kiboksi kinene upande wa koki: kidirisha chake kikiwa chekundu, mpira umevuja ndani na umejifunga, ununue mwingine. La pili, chini ya mashine kuna sinia lenye boya. Maji yakivujia humo boya hupanda, mashine hukataa kuvuta maji na pampu ya kutolea hubaki inazunguka. Kausha sinia, kisha tafuta panapovuja.

Mama Pacha: Na valvu nikienda kununua naulizaje? Wauzaji wananichanganya.

Jibu: Nenda na ile ya zamani mkononi. Zipo za koili moja, mbili na tatu, na zipo zilizonyooka na zilizopinda. Hesabu koili, linganisha mpindo, angalia matundu ya skrubu. Na kabla hujaifunga, hakikisha chujio lake limo ndani.