Somo: Kupeleka Muziki kutoka Kompyuta hadi Risiva ya Sebuleni bila Waya

Risiva nyingi, yaani mitambo ya muziki yenye redio na amplifaya ndani yake, zilizo sebuleni mwa watu hapa Kisumu, na hata Kakamega na Nakuru, ziliundwa kabla Bluetooth haijazoeleka, lakini amplifaya na spika zake bado hutoa besi ambayo spika ndogo za kisasa haziwezi kuifikia, na anayesikiliza benga au rumba anajua gita la besi lina uzito gani. Sioni sababu ya kuiuza. Kinachohitajika ni kipokezi kidogo cha Bluetooth, ambacho hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki mjini.

Hatua ya kwanza: chagua tundu linalofaa. Zima risiva, kisha utazame nyuma yake. Tafuta matundu mawili, jekundu na jeupe, yaliyoandikwa AUX, CD au TAPE. Ukitumia TAPE, chomeka upande wa PLAY au IN, wala si REC, kwa sababu REC hutoa sauti badala ya kuipokea. Usichomeke kamwe kwenye PHONO. Tundu hilo limetengenezewa sindano ya sahani za santuri, ambayo mawimbi yake ni dhaifu sana, hivyo risiva huyakuza mara nyingi na kuongeza besi kwa makusudi. Ukiliingizia sauti ya kipokezi, utasikia mkwaruzo na mngurumo mzito.

Hatua ya pili: unganisha kipokezi. Utahitaji waya wenye pini ya milimita 3.5 upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Vipokezi vingi hutumia umeme wa volti 5, kwa hivyo chaja ya simu inatosha. Kiweke juu ya kabati, mahali peupe, wala usikifiche nyuma ya risiva, kwa kuwa bati la risiva huzuia mawimbi. Bluetooth ya kawaida hufika takriban mita 10 pasipo kizuizi, ila kuta za mawe na milango ya chuma hupunguza umbali huo sana.

Hatua ya tatu: oanisha na kompyuta. Bonyeza kitufe cha kipokezi hadi taa imwekemweke, kisha kwenye Windows ufungue mipangilio ya Bluetooth, uongeze kifaa kipya na uchague jina la kipokezi. Baada ya hapo, bofya alama ya spika iliyo chini kulia na uhakikishe kwamba sauti inaelekezwa huko. Yakijitokeza majina mawili, chagua lenye neno Stereo. Lenye Headset ni la mazungumzo ya simu, na muziki wake husikika kama unatoka redio ya mkulima.

Hatua ya nne: pima sauti. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Anza risiva ikiwa chini kabisa, pandisha sauti ya kompyuta hadi karibu na juu, halafu tumia kirungu cha risiva kwa marekebisho yote yanayofuata. Ukifanya kinyume, yaani kompyuta chini na risiva juu, utakuza pia mvumo wa vifaa vyenyewe.

Anayetaka ubora kamili wa CD, ambayo hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde, atumie Wi-Fi, kwa kuwa SBC, mfumo wa msingi wa Bluetooth, kwa kawaida hauvuki 328. Risiva yenye tundu la mtandao na DLNA, yaani mfumo unaowezesha vifaa vya mtandao mmoja kupeana muziki na video, inaweza kupokea faili za muziki moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Kwa masikio yangu, katika sebule yenye watoto na televisheni, tofauti hiyo haionekani wazi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikitumia Wi-Fi, bando langu litaisha?*
Hapana, iwapo nyimbo zimehifadhiwa kwenye kompyuta. Ruta huzisafirisha ndani ya nyumba tu, na hata intaneti ikikatika muziki utaendelea mradi stima ipo. Ukicheza nyimbo kutoka mtandaoni, hapo bando litatumika.

*Nimepata risiva iliyotumika Japani. Naweza kuichomeka ukutani?*
La, ndugu yangu, kwanza soma maandishi yaliyo nyuma yake. Umeme wa Japani ni volti 100, nao wa Kenya ni volti 240, hivyo risiva ya volti 100 itaungua papo hapo. Nunua transfoma ya kushusha umeme yenye wati zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye risiva.

*Tunaishi ploti moja, na simu ya jirani huunganika na kipokezi changu. Nifanyeje?*
Kizime usipokitumia. Vipokezi vingi vya bei nafuu havina nambari ya siri, na hubaki wazi kwa yeyote aliye karibu mara tu kompyuta yako inapojitenga. Wakati wa kununua kingine, uliza kama kinakubali kuwekewa nambari.

*Nikitazama filamu, midomo husogea kabla ya sauti kufika. Kipokezi ni kibovu?*
Si kibovu, Bluetooth huchelewesha sauti kidogo wakati wa kuifungasha kabla ya kuituma na kuifungua inapofika. Kwenye muziki hutaigundua. Kwa filamu tumia VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, ubonyeze herufi J mara kadhaa hadi sauti ilingane na midomo. Ukipitiliza, rudi nyuma kwa K.