Pikipiki ya zamani Uingereza: ukaguzi na kodi

Tangu 20 Mei 2018, pikipiki iliyofikisha miaka 40 hailazimiki kufanyiwa MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa kila mwaka, mradi haijabadilishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Msamaha wa kodi hauji wenyewe. Nenda posta inayoshughulikia kodi ya magari ukiwa na kadi ya usajili (V5C) na fomu V112 ya kuthibitisha kuwa umesamehewa MOT, uombe pikipiki ihamishiwe daraja la kodi la magari ya kihistoria. Kodi inakuwa sifuri, lakini lazima uihuishe kila mwaka. Wengi husahau hapo.

Kabla ya safari, linganisha namba ya fremu na ya injini na zilizo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Injini ikiwa imebadilishwa, sahihisha kadi kwanza.

Kukosa MOT si ruhusa ya kuendesha chombo kibovu: faini hufika pauni 2,500, na pointi 3 kwenye leseni. Inua gurudumu la mbele, shika uma (mikono miwili inayobeba gurudumu hilo) chini, vuta na sukuma. Ukisikia "tok", beringi za usukani zimelegea au zimekwisha. Gonga spoku moja moja kwa bisibisi; inayolia butu imelegea. Kina cha kashata za tairi kisipungue milimita 1. Soma pia tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo ulio ubavuni mwa tairi unaoonyesha lini lilitengenezwa: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Mpira mkongwe hupasuka hata kashata zikiwa nzima.