Kubana gemu za PSP ziwe CSO, na baiti nne zilizonila siku mbili

Mpwa wangu alikuja na PSP-3000 ya mtumba (kile kifaa cha gemu cha Sony cha kushika mkononi), adapta ya microSD na kadi ya 8 GB. Kadi ilikuwa imejaa na bado gemu nne ziko nje. "Anko, nifute ipi?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba hatufuti hata moja, tunazibana, nusu saa tu. Tulimaliza kesho yake usiku, na kosa lilikuwa langu.

Kubana huku si kama kuzipu. Ukizipu ISO, yaani faili lenye nakala kamili ya diski ya gemu, PSP haiwezi kuichezesha. CSO, ambayo ni ISO iliyobanwa, inaikata ISO vipande vya baiti 2048, sawa na sekta moja ya diski, inabana kila kipande peke yake, kisha inaweka mwanzoni mwa faili orodha ya mahali kila kipande kilipo. Gemu ikiomba sekta fulani, mfumo unaangalia orodha, unachukua kipande hicho kimoja, unakifungua kwenye memori na kuikabidhi gemu papo hapo. Gemu haijui kitu, inadhani bado inasoma UMD, ile diski ndogo ya PSP. Kipande kisichobanika kinaachwa kilivyo na kuwekewa alama kwenye orodha. ISO ya GB 1 ina vipande 524,288, kwa hiyo orodha peke yake inakula MB 2, hasara ndogo sana.

Nachukulia PSP yako tayari ina CFW, yaani mfumo uliorekebishwa unaoruhusu kucheza gemu kutoka kwenye kadi. Mimi natumia CFW iitwayo ARK-4 juu ya mfumo wa Sony toleo la 6.61.

Hatua ya 1: Toa ISO kwenye UMD yako

Bonyeza SELECT ukiwa kwenye menyu kuu, weka USB Device iwe UMD Disc, chomeka waya, nakili faili lililotokea kwenye kompyuta. Basi.

Hatua ya 2: Chagua za kubana

Usibane kila kitu kwa sababu tu unaweza. ISO nyingi zimejazwa sifuri tupu ili kufikisha ukubwa, na hizo zinayeyuka kabisa. Lakini video na muziki wa PSP tayari vimebanwa na waliotengeneza gemu, havishuki tena. Gemu yenye hadithi ndefu za video itapungua kidogo, halafu unaiongezea prosesa kazi ya bure. Kanuni yangu: isiposhuka angalau kwa asilimia 15, inabaki ISO.

Hatua ya 3: Bana kwa maxcso

Zipo programu za zamani zenye vitufe vizuri na ngazi za kubana 1 hadi 9. Achana nazo. maxcso inafanya kazi kwa amri, inatumia kori zote za prosesa yako, na inajaribu njia kadhaa kwa kila kipande kisha inaweka iliyotoka ndogo zaidi. Iweke folda moja na ISO zako, fungua kidirisha cha amri humo, andika:

`maxcso --block=2048 gemu.iso -o gemu.cso`

Hiyo `--block=2048` ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo tutulie hapa.

Kipande kikiwa kikubwa, faili linabanika zaidi, kwa sababu programu inaona data nyingi kwa pamoja na kukuta marudio mengi. Ni kweli kabisa. Nami nikajiona mjanja, nikaandika `--block=16384` kwa gemu zote. Mafaili yakatoka madogo kuliko nilivyotarajia. Nikayajaribu kwenye laptopu kwa PPSSPP, programu inayochezesha gemu za PSP kwenye kompyuta, yote yakafunguka bila tatizo. Nikahamishia kwenye kadi. Kwenye PSP, hakuna hata moja iliyokubali.

Kwa kuwa kwenye laptopu zilifunguka, faili nikaliona halina hatia. Mshtakiwa akawa kadi. Nikaifomati ndani ya PSP, nikanakili upya, patupu. Nikasema labda ni microSD feki, zile zinazodai GB 8 na ndani zina mbili. Nikaiandika yote na kuisoma yote kwa H2testw, programu ya kupima kadi, ikachukua mchana mzima, ikatoka safi. Nikabadilisha adapta. Nikasugua miguu ya adapta kwa kifutio cha penseli, naomba usinicheke. Ni mpwa wangu, amelala chali kwenye kochi, aliyeuliza, "Anko, mbona zile za ISO zinafunguka humohumo kwenye kadi?"

Nikafungua CSO moja kwa HxD, programu inayoonyesha baiti za faili moja moja. Baiti nne za mwanzo ni `43 49 53 4F`, yaani herufi CISO. Nenda mstari wa pili, ule wa `00000010`. Baiti nne za kwanza za mstari huo ndizo ukubwa wa kipande, na zinasomwa kuanzia nyuma. Zinatakiwa ziwe:

`00 08 00 00`

Hiyo ni 2048. Zangu zilikuwa `00 40 00 00`, yaani 16384. PPSSPP inajua kusoma vipande vikubwa, lakini visomaji vingi vya CSO vilitengenezwa vikijua 2048 tu.

Mambo matatu kuhusu hili. Usipoitaja `--block`, maxcso yenyewe inachagua 2048 kwa ISO isiyofika GB 2, na UMD haizidi 1.8 GB, kwa hiyo ungekuwa salama kwa kuacha tu. Mimi naandika kwa sababu nimeshaungua. Pili, ukipewa CSO na rafiki na haifunguki, angalia baiti hizo nne kabla ya kulaumu kadi. Tatu, faili lenye kosa halijaharibika. Lirudishe kuwa ISO kisha ulibane upya:

`maxcso --decompress gemu.cso -o gemu.iso`

Kuna pia `--use-zopfli`, njia ya kubana kwa nguvu zaidi. Inachukua muda mrefu ili kuokoa MB chache. Sioni maana yake.

Hatua ya 4: Nakili

Folda `ISO`, nje kabisa kwenye kadi. Tumia kisomea kadi badala ya waya wa PSP.

Hatua ya 5: Jaribu kwenye PSP yenyewe

Nasema PSP yenyewe, sasa unajua kwa nini. Usiishie kwenye menyu ya gemu. Ingia, cheza dakika kumi, pita mahali inapopakia ramani mpya na penye video. UMD inatoa data kwa kasi isiyozidi megabiti 11 kwa sekunde, hivyo kadi nzuri ikisoma CSO mara nyingi bado inaipita diski. Tatizo huja pale gemu inapovuta data huku prosesa tayari imezidiwa na kazi: sauti inakatika, video inakwamakwama.

Ikitokea hivyo, washa Inferno Cache (inatunza kwenye memori data iliyosomwa kwenye kadi) kwenye mipangilio ya ARK-4. Ikiendelea, bana upya kwa ZSO, ndugu yake CSO:

`maxcso --format=zso --block=2048 gemu.iso -o gemu.zso`

ZSO inatumia njia ya kubana iitwayo LZ4, ambayo ni nyepesi sana kufungua, ila faili linakuwa kubwa kidogo kuliko CSO. Kuna wanaokimbilia kupandisha prosesa hadi 333 MHz. Inasaidia, lakini betri za PSP zilizopo mitaani sasa zimechoka, na mimi sioni sababu ya kuichosha betri ili kuokoa megabaiti mia.

Kwetu, gemu mbili ziliishia ZSO, na moja ya mpira ikabaki ISO kwa sababu haikufikisha asilimia zangu 15. Zilizobaki zote ni CSO, na kadi ina nafasi ya gemu nyingine ndogo.

Swali ambalo mpwa wangu aliniuliza akiwa na wasiwasi kuliko yote ni kama save zake, yaani maendeleo ya gemu aliyohifadhi, zitapotea. Hazikupotea. Zinakaa `PSP/SAVEDATA` na zinafuata namba ya gemu, hazijali kama faili ni ISO, CSO au ZSO. Alifuta ISO, akaweka CSO, akaendelea na ligi yake kwenye mechi ileile aliyoachia, akiwa wa sita.