Kabla ya kwenda Ngazidja: maji kwanza

Ngazidja, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komori, ina misitu minene na mvua ya kutosha, lakini haina mto unaotiririka mwaka mzima. Miamba yake ya lava ina vitundu vingi, na mvua ikinyesha huzama ardhini kabla haijakusanyika. Ndiyo maana nyumba nyingi huvuna maji ya paa na kuyahifadhi kwenye birika la saruji. Novemba 2005 mlima Karthala ulipolipuka, majivu yaliangukia mapaa na mabirika hayo, watu wakakosa maji safi. Basi usinywe maji ya birika bila kuyachemsha.

Karthala una mita 2,361, na kasoko yake, yaani shimo la kileleni, ina upana wa kilomita 3 hadi 4. Wengi hupanda kwa siku mbili na kulala mlimani, wakianzia vijiji kama Mvouni. Beba lita tatu za kunywa kwa kila siku, na nyingine za kupikia. Juu hakuna chemchemi ya kutegemea. Mzigo huo ni mzito, kwa hiyo punguza nguo, ila usiache sweta wala koti la mvua: usiku wa kule si usiku wa Moroni, mji mkuu ulio pwani. Raba za kawaida hazifai, kwa sababu lava iliyoganda ina ncha kali zinazochana soli. Vaa buti ulizokwisha kuzizoea. Chukua mwenyeji wa njia hata kama una ramani, maana mawingu hushuka ghafla na vijia vinafanana. Ondoka alfajiri. Ndani ya kasoko usikae mabondeni, kwani gesi nzito ya ukaa hutuama humo na haina harufu. Na kabla ya kupanda, uliza Moroni kama mlima umetulia.

Msimu unaofaa ni wa kusi, Mei hadi Oktoba. Julai na Agosti ndio wakati wa ndoa kubwa za ada, Wangazidja wa Ufaransa hurudi kwa wingi, na tiketi huadimika, kata mapema. Ukialikwa, vaa nguo ya kusitiri mabega na magoti, na usipige picha za wanawake bila idhini.

Beba euro taslimu, noti ndogondogo, ubadilishe mjini kabla ya kwenda vijijini. Euro 1 ni takriban faranga 492 za Komori, na thamani hiyo imefungwa, haipandi wala haishuki. Kadi hazitegemeki. Dawa ya kinga ya malaria muulize daktari mapema, si uwanja wa ndege.

Mataba, yaani kisamvu cha tui la nazi, huhitaji moto wa muda mrefu. Agiza asubuhi ule mchana. Ukinunua vanila, ikunje kidoleni: nzuri ni nyeusi, ina mafuta na hupinda bila kuvunjika. Inayokatika imekauka kupita kiasi, na yenye unyevunyevu itaota ukungu ndani ya begi.