Kutazama ndege Ziwa Singidani: somo kwa anayeanza

Mara ya kwanza nilifika ukingoni saa sita mchana, jua la utosi. Nikaona mstari wa waridi wa heroe (flamingo) ukitetemeka kwa mbali, basi. Nikasogea niwaone vizuri. Gamba jeupe la magadi likapasuka, kiatu cha kushoto kikabaki kwenye tope, na ule mstari ukanyanyuka wote ukahamia ng'ambo. Kwa hiyo tuanze na saa, halafu miguu, macho baadaye.

Hatua ya 1: Wahi. Saa 12 na nusu asubuhi uwe umefika. Upepo wa Singida mnaujua. Ukishaamka, maji yanavurugika na darubini haitulii mkononi. Simama upande wa mashariki wa ziwa ili jua likupige mgongoni. Ukilitazama jua usoni, kila ndege ni mweusi.

Hatua ya 2: Kaa. Mawe hatuna shida nayo hapa. Chagua moja, keti, usisogee dakika 20. Ndege waliokukimbia watarudi wenyewe. Wapita njia wakikuuliza, waambie unatazama ndege, tena uwaazime darubini; ukinyamaza watajua umekuja kupima viwanja.

Hatua ya 3: Anza na mdomo, rangi iache. Wengi hapa ndipo wanapokosea. Rangi hubadilika kwa mwanga na kwa umri (kinda wa heroe ni wa kijivu kabisa), lakini mdomo hukuambia ndege anakula nini, na chakula hukuambia asimame wapi.

Mtazame heroe mmoja tu. Anainamisha shingo mpaka kichwa kinapinduka, mdomo juu chini ndani ya maji. Ulimi unasukuma maji kama bomba, kuingia na kutoka, na vichujio vya pembeni mwa mdomo vinabakiza chakula. Heroe mdogo huchuja mwani wa kijani, chembe zisizoonekana kwa macho. Mdomo wake ni mwekundu uliokolea, kwa mbali unauona mweusi. Heroe mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, naye hutafuta vidudu vya kwenye tope. Ndiyo maana wanakaa ziwa moja bila kugombana.

Sasa shuka pembeni. Msese, mweusi na mweupe mwenye miguu myekundu mirefu kama vijiti, anadonoa juu ya maji kwa mdomo mwembamba. Domomwiko anafagia kushoto na kulia. Jina lake linatosha. Mwari ana mfuko chini ya mdomo. Kati ya Septemba na Aprili wapo pia vitwitwi, ndege wadogo wa ukingoni, waliokimbia baridi ya Ulaya na Urusi. Hao wananisumbua hata mimi, karibu wote wanafanana, msijilaumu.

Hatua ya 4: Andika palepale. Tarehe, saa, mdomo, miguu, alikuwa anafanya nini. Jina litafutwe nyumbani.

Hatua ya 5: Geuka nyuma. Watu hulitazama ziwa wakaisahau miiba iliyo mgongoni kwao. Humo kuna kasuku mdogo wa kijani, kichwa cheusi, kola ya njano, mduara mweupe kuzunguka jicho. Asili yake ni Tanzania peke yake. Mzungu anapanda ndege kuja kumwona. Sisi tunampita tukienda gulioni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Darubini ninunue ipi?*
Marahaba. Kwanza azima. Ukishanogewa, tafuta yenye namba 8x42: 8 ni mara inavyokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usidanganywe na 20. Mkono ukitikisika kidogo tu huoni kitu.

*Nimeenda mara mbili, heroe hakuna. Wamehama kabisa?*
Hapana, dada. Hawa ni wasafiri wa maziwa ya magadi, wanafuata chakula. Mvua ikizidi, chumvi inazimuliwa na chakula chao kinapungua, wanaondoka, mara nyingi usiku. Kuzaliana ndiyo wanaenda Ziwa Natron. Jaribu na Ziwa Kindai, kusini mwa mji wa Singida, kabla hujarudi nyumbani.

*Mimi niko Dodoma, Singida ni mbali.*
Nenda Bwawa la Hombolo. Maji yake si ya magadi, kwa hiyo mpangilio ni mwingine: tafuta mnandi, mweusi anayezamia samaki, akianika mabawa, mdiria mwenye mdomo kama mkuki, na furukombe, tai mla samaki, juu ya mti mkavu. Utamsikia kabla hujamwona.

*Huku Manyoni kuna hondohondo dume analisha ufa kwenye mbuyu. Siku ya tatu leo. Amerukwa na akili?*
Mkewe yumo ndani, kaka. Amejiziba kwa tope na kinyesi, akabakiza upenyo wa kupokelea chakula, na manyoya ya kurukia ameyapukutisha. Mumewe akifukuzwa, humo ndani watalala njaa. Kaa mbali, hesabu anarudi mara ngapi kwa saa moja, na ana nini mdomoni kila safari, halafu utuletee.